Fundi Mkuu na Kishale cha Dhahabu

Kuna mtu ambaye nyumba ikishika moto, yeye ataanza kwa kuulizia rangi ya ndoo. Ninamjua. Alikuwa fundi mkuu wa kompyuta katika ofisi ya kuandikisha vizazi, na sisi makarani tulimwita Kishale. Jina hilo alilipenda, na kulipenda kwake kunatosha kukuonyesha alikuwa mtu wa namna gani.

Kishale, kwa msomaji asiyeshinda mbele ya kompyuta, ni kile kialama kidogo kinachosimama pale herufi inayofuata itakapoangukia. Kipo ili ujue uko wapi, hakina kazi nyingine. Mafundi wana dirisha lao jeusi la kuandikia amri, lisilo na picha wala vitufe, na ndani yake kishale ndicho kitu pekee kinachocheza. Mtu mwenye akili timamu hukitazama kama anavyotazama ncha ya kalamu yake: huona neno, haoni ncha. Fundi Mkuu aliona ncha. Miaka sita mizima aliona ncha tu.

Kinaweza kuwa kibonge cha mraba. Kinaweza kuwa mstari mwembamba uliosimama wima, au mstari uliolala chini ya herufi. Kinaweza kutulia au kumetameta, haraka au polepole, kwa rangi yoyote utakayo. Haya yote huandikwa katika faili la mipangilio, mistari minne mitano hivi, na asiye na haraka humaliza kwa dakika kumi. Yeye alikuwa na faili lenye mistari mia tatu na kumi. Najua kwa sababu alinionyesha, akilisogeza taratibu, kama mtu anayekuonyesha picha za harusi yake.

"Njoo uone," alikuwa akimwita yeyote aliyepita mlangoni kwake. "Jana kilikuwa kinazima nusu sekunde. Leo nimekipa sekunde nzima kasoro kidogo. Unaona kinavyopumua?"

"Naona, Fundi. Printa ya kaunta imekwama tena."

"Hiyo nitaiangalia. Lakini unaona kinavyopumua?"

Printa ya kaunta ilikwama siku kumi na moja. Kwa siku zote hizo watu walisimama na watoto mgongoni mbele ya kioo chenye tundu la duara, na karani aliyekaa nyuma ya kioo akaandika vyeti kwa mkono mpaka kidole chake cha kati kikaota sugu. Kishale cha Fundi Mkuu kikaendelea kupumua vizuri.

Mambo haya hakuyaanzia ukubwani. Mama yake, ambaye hakuna mgeni aliyeingia kwake asihadithiwe, alitunza madaftari yake ya shule ya msingi. Mtoto alipiga mistari ya pambizo kwa rangi tatu, nyekundu, buluu na kijani, kila ukurasa, bila mkono kutetereka. Hesabu zenyewe ziliishia katikati kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Mwalimu mmoja alimpa sifuri, kisha chini yake akaandika: daftari safi. Mama akasoma maneno mawili ya mwisho, akampikia mwanawe yai. Nadhani siku hiyo ndiyo tuliyompoteza.

Chuo alimaliza, kwa sababu vyuo vyetu humpitisha kila anayekaa kimya. Cheti chake kilining'inia ukutani ofisini ndani ya fremu, na fremu hiyo aliibadilisha mara tatu. Alioa mwalimu wa chekechea, mwanamke mcheshi aliyekuwa na subira kuliko anayostahili kupewa mwanamume yeyote. Siku moja alipita ofisini kumletea mumewe miwani aliyoisahau, akakaa kumsubiri pale kwenye benchi, karibu nami.

"Shemeji," akaniambia, "mlango wa bafu langu una kitasa kinachong'aa kama cha hoteli. Ila ukikishika, mlango wote unakuja mkononi."

"Kwani bawaba?"

"Imebaki moja. Kitasa amebadilisha mara nne."

"Si umwambie atengeneze bawaba?"

"Nimemwambia. Akaniuliza kama nitapenda kitasa cheusi."

Angeishia bafuni kwake, angekuwa kichekesho cha familia na mimi nisingepoteza wino. Lakini nchi, kwa wema wake wa ajabu kwa watu kama hawa, ilimkabidhi funguo za mahali ambapo kila mtoto anayezaliwa huandikwa kwamba yupo.

Meza iliyopakana na mlango wake ilikuwa ya karani mwandamizi tuliyemwita Mama Mapacha. Kwa miaka tisa alikuwa kibarua wa mkataba. Kila mwaka mkataba ulikwisha, kila mwaka akaomba upya, na kila mwaka akafundisha kazi watu walioajiriwa rasmi kabla yake. Mwaka huo hatimaye barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa kwenye jalada la Mkurugenzi, ikingoja saini mwisho wa mwezi. Mapacha wake walikuwa darasa la saba, na bila barua hiyo hakuwa na kitu cha kuwaahidi. Kila nitakachosimulia kuanzia hapa kinahusu barua hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha vizazi kutoka kwenye vitabu vikubwa vya wakunga kwenda kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zote. Mstari mmoja, mtu mmoja. Kila Ijumaa alifundisha makarani wapya, na kwa ajili hiyo tulikuwa na seva ya pili, ya mazoezi, ambamo wanafunzi waliandikisha watoto wa kubuni: wengine wana kilo arobaini, wengine wamezaliwa kesho. Somo likiisha, Mama Mapacha aliandika amri moja fupi na watoto wote wa kubuni wakafutika, ili Ijumaa ijayo ianze ikiwa safi.

Madirisha mawili meusi, basi, yamekaa bega kwa bega kwenye skrini moja: moja la seva halisi, jingine la mazoezi. Fundi aliyemtangulia Kishale, ambaye sasa amestaafu, aliiona hatari hiyo akaweka utaratibu. Kwenye seva halisi kishale kilikuwa chekundu na kilimetameta. Kwenye ya mazoezi kilikuwa cha kijani na kimetulia. Hata karani wa siku moja alifundishwa kabla ya kufundishwa kitu kingine: nyekundu, mikono juu, kijani, cheza. Jina la seva pia liliandikwa mwanzoni mwa kila mstari, lakini Fundi Mkuu alikuwa ameliondoa mwaka uliopita. Alisema linaujaza mstari bure.

Jumatatu moja tuliingia kazini tukakuta vishale vyote vya ofisi nzima ni vya dhahabu. Vyembamba, wima, vimetulia kabisa. Mama Mapacha alivitazama, akavua miwani, akaifuta, akavitazama tena.

"Fundi, nyekundu yangu iko wapi?"

Akatoka chumbani kwake akitabasamu, mikono nyuma, kama bwana shamba anayekagua miche. "Umeona? Nilikuja Jumapili. Nimevituma kwenye mashine zote."

"Nyekundu, Fundi."

"Nyekundu ni rangi ya buchani, mama. Hii ni ofisi."

"Sasa nitajuaje niko kwenye seva ipi?"

"Si unajua ulichofungua?"

"Nafungua yote mawili saa mbili asubuhi, halafu mpaka mchana naitwa mara sitini. Nirudishie."

"Nipe wiki hii tu. Natafuta dhahabu mbili, moja iliyokolea na nyingine iliyofifia kidogo. Mwenye jicho atazitofautisha."

"Mimi nina mawili, na yote yanataka nyekundu."

Chumba kizima kikacheka. Yeye hakucheka. Alifungua kijitabu chake, akaandika neno "nyekundu" na alama ya kuuliza, akakifunga.

Jumanne Mama Mapacha aliomba tena. Jumatano aliomba tena, na safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Jibu lilikuwa lile lile: dhahabu ya pili ilikuwa karibu, bado ilikuwa na ukijani kidogo. Basi akajitafutia njia. Akawa anaweka dirisha la seva halisi kushoto na la mazoezi kulia, na mkono wake ukashika hivyo.

Ijumaa, katikati ya somo, umeme ulikatika kwa dakika mbili ukarudi. Kompyuta ikajiwasha, madirisha yakajifungua yenyewe, na yakajifungua kwa mpangilio wake: la halisi kulia, la mazoezi kushoto. Mistari ilianza sawa. Vishale vilikuwa sawa. Somo likaisha saa tano. Mama Mapacha akawaaga wanafunzi wake, akageukia dirisha la kulia, akaandika amri yake fupi ya kila Ijumaa, akabonyeza.

Kaunta ndiyo iliyogundua.

"Mama Mapacha, huyu mtoto simwoni."

"Andika jina la baba."

"Simwoni. Na wa nyuma yake simwoni." Karani wa kaunta akagonga tena kibodi. "Mama Mapacha, sioni mtu yeyote."

Mama Mapacha hakupiga kelele. Alitoa mikono yake kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Fundi Mkuu akaitwa. Alikuja, akainama mbele ya skrini ya Mama Mapacha, na nasema hili kwa kuwa nilisimama hatua mbili kutoka pale: kitu cha kwanza alichokigusa kwa kidole ni kishale. "Kwenye skrini hii kinaonekana kizito kidogo," akasema. Kisha ndipo akauliza kumetokea nini.

Kulikuwa na nakala ya akiba, kwa bahati. Kazi ya kuitoa ilikuwa yake: kila Ijumaa jioni alipaswa kuingiza diski mpya na kutoa ya zamani, jambo la dakika tano. Diski iliyokuwemo ilikuwa ya wiki kumi na tatu zilizopita. Wiki hizo kumi na tatu alikuwa anatafuta dhahabu. Tulipoirudisha, watu wote walirudi isipokuwa watoto elfu moja mia moja arobaini na sita waliozaliwa tangu hapo. Walibaki kwenye vitabu vya wakunga tu. Kwa mashine, hawakuwa wamezaliwa.

Taarifa ya tukio iliandikwa na nani? Na yeye, bila shaka. Ofisi zetu humpa mwizi daftari la doria. Ilikuwa ukurasa mmoja, kichwa cha habari katikati, chini yake mistari miwili ya upana tofauti, pambizo sawasawa. Palipoandikwa chanzo, aliandika maneno matatu: kosa la mtumiaji. Mkurugenzi aliisoma, akaitoa barua ya Mama Mapacha kwenye jalada la saini akaiweka kando, akaitisha kikao Jumatano.

Jumanne nilikuwa kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha Fundi Mkuu, nikisubiri fotokopi, Mama Mapacha alipomkuta pale. Siku zote alimwita Fundi. Siku hiyo alimwita kaka.

"Kaka, sema jambo moja tu kesho. Sema kwamba uliondoa nyekundu. Sikuombi useme ni kosa lako."

Akatazama viatu vyake. "Nikisema hivyo wataninyang'anya ruhusa ya mipangilio."

"Na mimi watanitoa nje ya lango."

"Wewe ni hodari, utapata kwingine. Mimi ile mipangilio nimeijenga miaka sita."

Nimesoma habari za watu waliouza wenzao kwa vyeo, na za waliowauza kwa hofu ya kifungo. Wote naweza kuwachukia nikiwa nimesimama wima. Huyu alinilazimu kuinama ili nimwone. Alikuwa tayari kumtupa mwanamke aliyetumikia miaka tisa, na mapacha wake, ili abaki na haki ya kuamua mstari wa upana wa unywele uwe wa rangi gani. Wala hakuwa na chuki naye. Angekuwa na chuki, ningemhesabu kuwa mtu mzima.

Jumatano tukakaa. Mkurugenzi, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, hakujua kompyuta na hakujifanya anajua. Alikuwa na taarifa mbele yake.

"Fundi, unasema kosa la mtumiaji. Alikosea nini?"

"Alifuta seva halisi akidhani ni ya mazoezi."

"Kwa nini alidhani hivyo?"

"Hakuwa makini, Mkurugenzi."

"Mama Mapacha?"

"Kishale cha seva halisi kilikuwa chekundu miaka yote. Wiki ile kiligeuzwa, vyote vikawa sawa."

"Kiligeuzwa na nani?"

Mama Mapacha akamtazama Fundi Mkuu. Nadhani alitaka kumwachia nafasi. Yeye akarekebisha kalamu zake mfukoni. "Mfumo huboreshwa mara kwa mara," akasema. "Ni kawaida."

Mkurugenzi akapumua kwa uchovu, akaanza kufunika jalada. Nikaona barua ikiondoka. "Kwa kweli," akasema, "tusipoteze muda kwa rangi ya kialama. Hilo ni jambo la kitoto. Pengine mashine ilijibadilisha yenyewe, ilijichagulia tu rangi yoyote. Suala hapa ni umakini, na naona..."

"Si rangi yoyote," akasema Fundi Mkuu.

Alikuwa ameshaponea. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo, kama alivyofanya chuoni.

"Samahani?"

"Mkurugenzi, mashine haiwezi kujichagulia dhahabu ile." Uso wake ulikuwa umeiva. "Nilijaribu rangi arobaini na mbili. Ya awali ilikuwa inapiga kelele, ukitazama saa moja jicho linachoka. Hii imetulia. Nimepima upana, nimepima mng'ao kwenye skrini za zamani na mpya. Nimeituma mwenyewe Jumapili, kwenye mashine ishirini na sita, moja baada ya nyingine. Hakuna cha kitoto hapo."

Mkurugenzi akafunua tena jalada, akachukua kalamu.

"Rangi arobaini na mbili," akasema akiandika.

"Arobaini na tatu, ukihesabu shaba."

"Na huyu mama alikuomba urudishe nyekundu?"

"Mara tatu." Akasema hivyo kwa huruma, kama anayeeleza udhaifu wa mtoto. "Lakini hakuwa na sababu yoyote ya kisanaa."

Karani wa kaunta akafunika mdomo kwa kiganja. Mama Mapacha hakucheka; aliinamisha kichwa, na mabega yake, yaliyokuwa yamepanda tangu Ijumaa, yakashuka.

Barua ilitiwa saini pale pale, mbele yetu. Fundi Mkuu hakufukuzwa, kwa sababu watu wa namna yake hawafukuzwi. Hujaza fomu vizuri mno. Alipewa onyo, akanyang'anywa faili lake la mipangilio, na Mkurugenzi akatoa amri moja ambayo mpaka leo namheshimu kwayo.

"Watoto elfu moja mia moja arobaini na sita," akasema. "Utamsomea Mama Mapacha kitabuni, mmoja mmoja. Yeye ataandika. Mpaka waishe."

Wakaanza Alhamisi. Meza moja, viti viwili, kitabu kikubwa chenye mgongo wa turubai kati yao. Alisoma vibaya. Ndani ya miaka sita hakuwa amefungua hata kimoja cha vitabu hivi, na hakujua safu ya baba ni ipi wala ya mkunga ni ipi. Alilalamikia miandiko. Alilalamikia wino. Alisema pambizo zimepigwa ovyo, na kwamba kama angeulizwa yeye angeshauri kitabu chenye karatasi za rangi ya maziwa.

"Soma, Fundi," Mama Mapacha alisema, bila kuinua macho.

"Wa kiume. Kilo tatu na robo. Baba fundi seremala. Mama..." Akasogeza kitabu kwenye mwanga. "Mama mkulima."

"Nimeandika. Mwingine."

"Wa kike. Kilo mbili na nusu. Baba hajaandikwa. Wa kiume, kilo tatu..."

Vidole vya Mama Mapacha vikasimama. "Umetoka wa saba ukaenda wa tisa."

"Wa nane umeingia maji, haupendezi hata kuutazama. Tuuache, tutaurudia mwishoni."

"Kuna mtu hapo, Fundi. Rudi."

Akarudi. Akaweka kidole juu ya doa, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia karatasi, akaanza kumtafuta, herufi baada ya herufi.